Nyumba ya mama Pangani: nianze na nini kabla ya Ramadhani na masika?

Binti wa Pangani

Habari za asubuhi wakuu. Naombeni mawazo ya mafundi na ya watu wenye nyumba za pwani.

Mama yangu anaishi Pangani mjini, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba. Ni ya tofali za saruji, vyumba vinne, ukumbi na varanda, imeezekwa bati. Baba aliijenga miaka ya themanini. Uani kuna jiko la zamani la mawe ya matumbawe na chokaa, hilo tulilikuta kwenye kiwanja. Mimi nafanya kazi Morogoro. Likizo yangu inaanza mwanzoni mwa Februari, na mwaka huu wa 2026 Ramadhani tunaitegemea wiki ya tatu ya mwezi huohuo. Idi inaangukia Machi, na masika nayo ndiyo hayo mlangoni. Kwa hiyo nina kama wiki mbili za kusimamia mafundi kabla watu hawajaanza kufunga.

Kila mwaka kabla ya mwezi mtukufu mama hufanya usafi mkubwa. Magodoro yanatolewa juani, mikeka inafuliwa, makabati yanasogezwa, masufuria ya futari yanasuguliwa kwa majivu mpaka yanang'aa. Hilo halinitishi, wajukuu wapo, tutalimaliza. Kinachonitisha ni nyumba yenyewe. Desemba nilipokuwa nyumbani nilizunguka na daftari nikaandika kila nilichokiona.

Dari ya ukumbi ina doa la kahawia, na mvua za vuli zimeliongeza. Gata ya nyuma imening'inia upande mmoja na imejaa majani ya mwarobaini wa jirani. Chumbani kwa mama, ukuta wa nje unabanduka rangi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe. Tenki la lita 2000 liko juu ya mnara wa tofali na hakuna anayekumbuka lini lilioshwa. Karo linatoa harufu jioni. Fremu ya mlango wa uani ina njia ya udongo ya mchwa. Soketi ya friji ukiigusa ina joto. Lile jiko la uani lilipigwa lipu ya saruji mwaka juzi, sasa lipu inadondoka mapande mapande na mawe ya nyuma yake yanamomonyoka.

Bajeti ni laki nane, na kaka yangu anaweza kuongeza laki moja. Mama anataka rangi. Anasema Idi iliyopita nyumba ilikuwa na msiba, hii wageni waikute imependeza. Namuelewa kabisa na natamani nimpe hilo. Ila fundi rangi aliyekuja kupima, gharama yake peke yake inakula zaidi ya nusu ya hela. Nianze na nini, na kipi kinaweza kusubiri?

---

Fundi Kenchi

Mwanangu, pole kwa kufiwa na mzee, Mungu amrehemu. Mimi nimeezeka mapaa Tanga, Muheza na Pangani tangu nikiwa kijana. Siku hizi magoti hayanipandishi juu, ila jicho lipo. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hayo uliyoandika kwenye daftari, ukitoa soketi, mchwa na hilo tenki, ni tatizo moja: maji yamekosa njia. Yape njia na sehemu kubwa ya orodha yako itatulia. Ukianza na rangi, mwezi wa tano utakuwa unainunua tena.

Anza juu. Kabla fundi hajapanda, kijana mmoja aingie ndani ya dari saa sita mchana jua likiwa kali, na tundu la kuingilia lifunikwe nyuma yake. Akae kidogo macho yazoee giza. Kila penye tundu ataona nukta ya mwanga, atie alama ya chaki kwenye mbao iliyo karibu. Akanyage kenchi tu, yaani mbao za fremu ya paa, silingibodi haibebi mtu. Na asidhani tundu liko juu ya doa. Maji yakishaingia hushika mbao, hutembea na mteremko wake, yakadondoka pale yanapokutana na kiungo au ncha ya msumari. Nimewahi kufuata mchirizi kutoka doa la sebuleni hadi juu ya choo, upande wa pili wa nyumba. Unaonekana: mbao inakuwa na mstari mweusi, na vumbi la pembeni limegandamana.

Matundu yasiyoonyesha mwanga yanatafutwa kwa maji. Mmoja nje na mpira wa maji, mwingine ndani ya dari, waitane. Mwagieni kwanza chini karibu na gata, mkae hapo dakika kadhaa, ndipo mpande safu inayofuata. Mkianzia kwenye kofia ya paa, kule kileleni, maji yatateremka na kupita kila mahali, na hamtajua yaliingilia wapi.

Kwa paa la umri huo mara nyingi bati bado lina maisha, kilichochoka ni misumari. Mchana bati linapata moto linatanuka, usiku linapoa linarudi, kila siku ya Mungu, na msumari unavutwa kidogo kidogo mpaka kichwa kinaachana na bati. Mpira wa chini yake nao umekauka na kupasuka. Kwetu pwani hewa ya chumvi inamalizia kazi, kutu inaanzia hapohapo kwenye tundu. Fundi wa haraka atapanda na nyundo aurudishe msumari chini, nawe utafurahi. Mvua ya pili msumari utakuwa umetoka tena, maana tundu kwenye mbao limeshapanuka. Mwambie aung'oe, aweke skrubu ya bati yenye mpira, nene kuliko ule msumari, na aipige juu ya tuta la bati, kamwe si kwenye bonde ambamo maji yanapita. Kabla ya kupiga, achome papi, ile mbao inayobeba bati, kwa ncha ya bisibisi. Ikizama bila nguvu, papi imeoza, na kipande hicho kibadilishwe. Skrubu mpya kwenye mbao mbovu ni hela iliyotupwa.

Penye kutu iliyokula bati mpaka likatoboka, silikoni peke yake haitafika Juni. Kikatwe kiraka cha bati, ukingo wake wa juu uingie chini ya bati la juu na wa chini ulale juu ya bati la chini, vipishane inchi 6. Maji lazima yateremkie mgongoni mwa kiraka, yasikutane na ukingo wake. Bati likiwa limechakaa lote, badilisha bati hilo moja na uchukue la geji 28 badala ya 30. Kwenye geji namba ndogo ndiyo bati nene, wauza duka wengine hawakwambii. Na fundi apande asubuhi umande ukishakauka na bati halijawa moto, na viatu vya raba, akifuata mstari wa misumari, maana papi iko chini yake.

Sasa gata. Hesabu hii huwapa watu wote: mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita 10 kwa 10 ni lita 100 za maji. Siku ya masika ikishusha milimita 50, hizo ni lita 5000 kutoka nyumba moja. Gata yako imening'inia, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji ya upande ule yanaanguka mahali pamoja, mguuni mwa ukuta, mvua baada ya mvua. Hebu niambie, chumba cha mama kiko upande gani na hiyo gata iko upande gani?

Gata ikirudishwa iwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba. Apime kwa kamba, asikadirie kwa jicho. Ubao wa ukingo wa paa unaoshikilia gata nao uchomwe bisibisi, mara nyingi ndio uliooza na gata inasingiziwa. Bomba la kuteremsha maji lisiishie ukutani. Lipelekwe mita mbili tatu mbali, au liingie kwenye tenki.

Huo unga mweupe ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali, yakifika upande wa chumba yanakauka, chumvi inabaki na kuisukuma rangi itoke. Kaangalie nje ya ukuta huo udongo umepanda kiasi gani. Nyumba za zamani ua umefagiwa na kujazwa kifusi miaka nenda miaka rudi, mpaka udongo umepita nailoni iliyolazwa juu ya msingi kuzuia unyevu usipande, na nailoni ikipitwa haina kazi tena. Shusheni udongo uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau, uteremkie nje. Hiyo ni kazi ya jembe na toroli, haitaki fundi.

Ndani kwangua rangi iliyobanduka na ufute chumvi kwa brashi kavu. Usiioshe, maji yatairudisha ndani ya ukuta. Usipake rangi ya mafuta hapo wala kubandika vigae, utaufungia unyevu upande juu zaidi na mwakani utauona usawa wa kiuno. Ukuta uachwe wazi upumue masika yote. Kitanda cha mama kisogezwe mbali nao kidogo, na madirisha yafunguliwe mchana.

Rangi ya mama mimi nisingemnyima. Wageni wa Idi wanakaa ukumbini na varandani, na kuta za huko hujasema zina unyevu. Paa likishazibwa na kujaribiwa kwa maji, paka hizo kwa rangi ya maji. Lile doa la dari likikauka lipigwe kwanza koti moja la rangi ya mafuta, vinginevyo litapenya hata ukipaka mara tatu. Kuta za nje na chumba chake visubiri mvua zikatike, Julai au Agosti, kusi likivuma na ukuta umekauka. Lipu mpya yenyewe inataka wiki nne kabla ya rangi, na wiki nne kavu za uhakika huna kati ya kumaliza paa na Idi.

---

Bibi Afya

Fundi kamaliza ya paa, Mungu ambariki. Mimi nilikuwa bibi afya wa kata huku Tanga, kwa hiyo nichukue tenki, mbu na karo.

Tenki lioshwe siku maji yakiwa chini, msiyamwage bure. Chini mtakuta tope laini la rangi ya kutu, hilo ndilo linalochafuka na kuingia mabombani kila maji yakifunguliwa kwa nguvu. Sugueni kuta na sakafu yake kwa brashi ya mpini mrefu mkiwa nje. Mtoto asiteremshwe ndani, hata akiwa mwembamba kiasi gani. Suuzeni, tope litoke lote. Kisha jazeni maji safi na mtie jiki. Someni lebo: ile ya asilimia 3.5 inataka kama lita 3 kwa tenki lenu la lita 2000. Fungueni kila bomba la nyumba mpaka harufu ya jiki itoke, mfunge, muache usiku kucha hadi kesho yake. Siku hiyo msinywe wala kupikia maji hayo, wekeni ndoo za akiba kabla. Baadaye mwageni yote mbali na mimea na msiyapeleke kwenye karo, nitaeleza. Jazeni tena, suuzeni mabomba mpaka harufu iishe. Mfuniko ukae vizuri, na bomba la kufurikia lifungwe wavu wa mbu mdomoni.

Wavu huo nausisitiza kwa sababu ya dengue. Mlipuko wa 2019 uliipiga Dar es Salaam zaidi, lakini Tanga nako tuliupata. Mbu wake, Aedes, anauma mchana na anapenda maji safi ya nyumbani, si mtaro mchafu. Mayai huyagandisha kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na yanakaa makavu miezi yakisubiri mvua. Ndiyo maana kumwaga maji hakutoshi, chombo kisuguliwe. Hapo Pangani minazi imejaa, kwa hiyo vifuu uani vikusanywe vichomwe au vifunikwe kwa udongo. Angalieni tairi kuukuu, sahani za chini ya maua, na trei iliyo nyuma ya friji ambayo kina mama wengi hawajawahi kuiona. Gata iliyojaa majani ya mwarobaini ni mazalia juu ya kichwa chenu, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili tu. Masika yakianza, zungukeni ua kila Jumamosi.

Karo lipigiwe gari la kunyonya maji taka sasa. Mvua zikishika, ardhi inajaa maji na shimo la kunyonya halinyonyi tena, ndipo choo kinaanza kurudisha. Isitoshe gari zito halipiti kwenye ua uliolowa. Harufu ya jioni mara nyingi ni mfuniko uliopasuka au bomba la hewa lililovunjika. Bomba hilo linatakiwa lipande juu kuliko paa, na wavu mdomoni. Mfuniko ukifunguliwa asiinamie mtu, asiwashe kiberiti mtu, na asiingie mtu hata kama kuna kitu kimedondoka. Hewa ya mle ndani inaua, na anayemfuata mwenzake kumwokoa naye hatoki. Jiki isimwagwe humo, inaua vijidudu vinavyosaga uchafu.

Na kwenye usafi wa mama: choo kikisuguliwa kwa dawa ya asidi, jiki isikaribie. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini. Nimepokea zahanati watu walioivuta kwenye usafi wa sikukuu, kifua kinabana mtu hawezi kuzungumza.

---

Mzee wa Sakiti

Dada, soketi yenye joto isingoje zamu ya paa. Mpigie mama leo achomoe friji aihamishie soketi nyingine, na hiyo isitumike mpaka ifunguliwe. Joto linatokana na waya uliolegea kwenye skrubu yake, au waya mwembamba kuliko mzigo. Nyumba za miaka hiyo zinakuwa zimeongezewa soketi kwa kuungia kwenye waya wa taa wa milimita 1.5. Soketi inataka 2.5. Fundi akifungua akakuta plastiki imebadilika rangi na waya umekuwa mgumu, akate mpaka afike kwenye shaba safi, au avute waya mpya kutoka kwenye breka.

Akiwa hapo aiangalie ethi, ule waya na fimbo yake vinavyopeleka umeme uliovuja ardhini. Ardhi ya mchanga ikikauka haipitishi umeme vizuri, na fimbo iliyozikwa miaka ya themanini inaweza kuwa imeliwa na chumvi. Apime, asiangalie tu kwamba waya upo. Kama meni swichi haina breka yenye kitufe cha kujaribia, muiweke, ndiyo inayokata umeme mtu akinaswa. Na siku ya kupandisha gata, hilo bati refu lisipelekwe upande unaoingia waya wa TANESCO.

---

Mtoto wa Shangani

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja, nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, kwa hiyo nimeumia kusoma habari ya hilo jiko lenu. Nakuombeni msilipige saruji tena.

Ukuta wa matumbawe unaingiza unyevu na kuutoa, ndivyo ulivyojengwa. Chokaa inauachia upite. Saruji ni ngumu na imeziba, maji yanabaki nyuma yake, chumvi inafanya kazi ndani ya jiwe, na jiwe laini ndilo linaloliwa kabla ya lipu. Hayo mapande yanayodondoka yanaondoka na ngozi ya ukuta. Iliyobakia itolewe kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu, ile iliyoshika sana iachwe mpaka ilegee yenyewe. Ukuta ukauke. Kisha ipigwe lipu ya chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata ukiwa bure, una chumvi. Ipigwe tabaka nyembamba nyembamba, ifunikwe gunia bichi siku za mwanzo isipigwe na jua ikapasuka. Sisi nje tunapaka chokaa nyeupe kila mwaka kabla ya Ramadhani, na gharama yake ni ndogo mno mbele ya rangi ya dukani.

Kama juu kuna boriti za mikoko, zitazameni pale zinapoingia ukutani, si katikati. Hapo ndipo zinapooza bila ya kuonekana. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka Desemba 2020, mimi sisubiri kuona ufa. Kila kabla ya masika napanda kuzigonga moja moja kwa mpini wa nyundo. Boriti nzima inalia, mbovu inatoa sauti ya bubu. Ukiisikia hiyo, wekeni nguzo ya kuishikilia na watu wasipikie humo mpaka ibadilishwe.

---

Binti wa Pangani

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma yote, nimempigia mama tukasoma pamoja kwenye simu. Friji imehamishwa. Fundi, ni kama ulikuwa umesimama uani kwetu: chumba cha mama ni cha nyuma, upande wa kusini, na gata iliyoning'inia iko juu yake kabisa. Mpwa wangu ameingia darini mchana wa leo, amekuta nukta za mwanga karibu na kofia, na mstari mweusi kwenye kenchi unaoteremka hadi juu ya ukumbi. Nje ya ukuta wa mama udongo umefika usawa wa sakafu, pengine umepita.

Mama amekubali rangi ya ukumbi na varanda, na jiko liwe la chokaa, amefurahi kusikia hivyo kwa sababu bibi yake alikuwa akilipaka jiko lake hivyohivyo. Ndugu wa Shangani, boriti zimo, mpwa atazigonga kesho.

Nimebaki na mambo mawili. Hatujagusa mchwa. Na je, kazi nizipange vipi? Vifaa vingi itabidi nivichukue Tanga nikipita, na baada ya kufunga kuanza sitaki kuwapandisha watu juu ya bati na jua lile.

---

Fundi Kenchi

Marahaba mwanangu. Hapo umeona sawa, mfungaji asipandishwe kwenye bati saa nane mchana. Paa na gata vimalizike kabla ya mwezi kuandama. Rangi ya ndani na usafi vinaweza kuingia kwenye Ramadhani, asubuhi, bila kumchosha mtu.

Mchwa usiwafagie tu. Ukibomoa ile njia ya udongo kesho wanajenga nyingine pembeni. Kwanza ifuate mpaka inapotokea, mara nyingi ni ufa kati ya sakafu na ukuta, au mbao na makuti yaliyoegeshwa nje. Ondoeni kila mbao na kuni zinazogusa ukuta. Fremu ichomwe bisibisi kuanzia chini kwenda juu, uone wamefika wapi. Kama ni chini tu, kipande hicho kikatwe kiungwe mbao ngumu iliyopakwa dawa, na kisikae juu ya udongo, kikae juu ya zege. Kisha chimbeni mfereji mwembamba kando ya ukuta mlangoni, udongo unywe dawa ya mchwa kwa kipimo cha kwenye lebo, mfukie. Fanyeni hivyo mkiwa mnashusha udongo wa ukuta wa mama, jembe likiwa tayari mkononi, lakini kabla ya mvua kwa siku kadhaa ili dawa isisombwe. Mpakaji avae glavu na kitambaa puani, kuku wafungiwe, na kama kuna kisima karibu, dawa isimwagwe upande huo.

Umeme uwe wa kwanza, siku utakayofika. Siku hizohizo vijana waanze na jembe, maana halimsubiri fundi. Gari la karo liitwe mapema, likishaondoka ndipo mshushe udongo wa upande litakakopita. Paa lifuate, halafu gata, kisha mjaribu kwa mpira wa maji mkiwa mmesimama ndani ya dari, kabla fundi hajalipwa sehemu ya mwisho. Hilo usimwonee haya. Fundi anayeijua kazi yake atakushikia huo mpira mwenyewe. Tenki lioshwe baada ya gata, kwa sababu vumbi na kutu vitateremka. Ukuta wa jiko ubanduliwe sasa, ila lipu ya chokaa uiache hadi baada ya mvua, na juu ya ukuta ulio wazi egesheni bati au turubai usipigwe na mvua moja kwa moja. Chokaa unaweza kuinunua sasa uiloweke kwenye pipa lenye mfuniko, itakuwa imeiva vizuri ikifika Julai. Kuwe na mtu mzima wakati wa kuitia maji, inachemka na inachoma macho.

Ukipita Tanga chukua skrubu za bati zenye mpira, zidisha robo ya hesabu maana ukifungua paa la zamani kazi inaongezeka. Kabla hujatoka Morogoro, mwambie mpwa apime urefu wa ukuta wa nyuma kwa futi kamba na aangalie gata ya zamani ina upana wa inchi ngapi. Ukinunua ya upana tofauti, vishikizo na bomba vyote vitabidi vibadilike. Silikoni angalia tarehe yake. Skrubu nazo usichukue zisizopakwa zinki, kwa hewa ya Pangani hazifiki masika ya pili.

Nikumbushe siku utakayokuwa Tanga. Kuna kijana niliyemfundisha kazi, yuko huko Pangani na harudishi msumari wa zamani kwa nyundo. Nitakutumia namba yake kwenye ujumbe wa faragha.